Umebadili simu na nyimbo hazipo? Usiiuze ya zamani kabla hujasoma hapa

Arusha. Simu mpya imewaka. Namba za watu zimekuja, picha zimekuja, WhatsApp imerudi na magrupu yake yote. Unafungua sehemu ya muziki ili utoke na ngoma zako masikioni, unakuta kweupe. Hakuna hata wimbo mmoja.

Fundi simu yeyote wa mjini hapa, uwe unamfuata Themi, Kijenge au Stendi Ndogo, ameshaletewa kesi hii. Swali lake la kwanza ni moja: simu ya zamani iko wapi? Ukimjibu kwamba umeshaiuza, anashusha pumzi.

Mara nyingi nyimbo hazijapotea, ila hazikuhama. Zimebaki kwenye simu ya zamani, kwenye kadi, kwenye akaunti au ndani ya WhatsApp. Kinachozipoteza ni haraka ya mwenye simu, anayeifuta ile ya zamani siku hiyohiyo ili aongezee hela ya mpya au ampe mdogo wake. Kama bado unayo, iache ilivyo. Wiki mbili hivi zinatosha kugundua kila ulichosahau nyuma.

Zipi zako, zipi za kukodi

Kila mtu husema "nyimbo zangu", lakini ndani ya simu nyimbo hizo hazikai sehemu moja wala hazina hadhi moja. Kuna zilizo mafaili, yaani MP3 ulizopakua kwenye blogu, ulizorushiwa na mshkaji kwa Bluetooth au Xender, au ulizojaziwa kibandani. Kuna za ndani ya programu kama Boomplay, Spotify, Audiomack na Apple Music. Kuna zilizokuja kwa WhatsApp. Halafu kuna sauti ulizorekodi mwenyewe, ambazo watu huzisahau kabisa kwa sababu hawazihesabu kama muziki.

Kuna kipimo rahisi cha kujua ipi ni ipi. Chukua simu ya zamani, zima data na Wi-Fi, fungua programu ya mafaili, nenda sehemu ya sauti. Wimbo unaouona hapo na unaolia ni faili, na unaweza kuupeleka popote. Wimbo unaolia ukiwa ndani ya Boomplay tu, lakini kwenye mafaili hauonekani, upo kwa ruhusa ya programu. Hauhami kwa kurushwa. Unahama kwa akaunti.

Tofauti hii ndiyo inayowachanganya wengi. Mtu anakwambia amepakua nyimbo 400, na kweli amebonyeza alama ya kupakua mara 400, ila hana faili hata moja. Alichonacho ni haki ya kuzisikiliza bila bando mradi akaunti yake iko hai.

Kwa nini picha zilikuja na nyimbo zikabaki

Watu hudhani nakala ya Google inabeba kila kitu. Haibebi. Kwenye Android, nakala hiyo huchukua orodha ya programu zako, mipangilio, SMS na rekodi za simu ulizopiga. Picha na video zina njia yao, Google Photos. MP3 iliyokaa kwenye folda ya muziki haina anayeishughulikia, na simu haikuambii hivyo popote kwa maandishi makubwa.

Kwa hiyo lazima uzihamishe mwenyewe. Samsung wana Smart Switch, ambayo inabeba muziki ukiuwekea alama ya tiki, na simu za Tecno na Infinix zina programu yao ya kunakili simu. Angalia tiki hiyo kabla ya kubonyeza kuanza, kwa sababu kuna wanaoiondoa ili kazi iende haraka.

Kama unarusha mwenyewe, usitumie Bluetooth kwa mzigo mkubwa. Tupige hesabu. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida, kbps 128, unakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB 4. Nyimbo 1,000 ni kama GB 4. Kwa Bluetooth, hiyo ni kazi ya saa nne au zaidi huku simu zimelala ubavu kwa ubavu, na ikikatika katikati hujui uliishia wapi. Quick Share, ambayo zamani ilikuwa ikiitwa Nearby Share kabla ya jina kubadilishwa Januari 2024, hutumia Wi-Fi ya simu kwa simu na hailambi bando lako. Xender nayo hufanya kazi kwa mtindo huo. Dakika chache umemaliza.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya kizamani: waya, kompyuta, nakili folda nzima, bandika. Stationari zenye kompyuta ziko kila kona ya mji. Unaona kwa macho yako mafaili mangapi yametoka na mangapi yameingia. Ila kaa hapohapo. Simu iliyofunguliwa loki ina picha zako, meseji zako na huduma za pesa, na si vizuri kumwachia mtu huku wewe umeenda kunywa chai.

Memori kadi: toa, chomeka, lakini soma kwanza

Kama nyimbo zako zilikuwa kwenye memori kadi, una bahati. Iwe unatoka kwenye kitochi kwenda simu janja, au simu janja kwenda nyingine, kadi unaitoa huku unaichomeka kule. Imeisha.

Isipokuwa kwenye hali tatu.

Kwanza, simu mpya inaweza isiwe na sehemu ya kadi. iPhone haijawahi kuwa nayo, na Samsung waliiondoa kwenye simu zao kubwa za Galaxy S21 mwaka 2021. Hapo nunua kisomea kadi chenye kichwa cha USB-C, ichomeke kama flashi na unakili.

Pili, na hii ndiyo inayoumiza, kadi inaweza kuwa ilifanywa sehemu ya simu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu huuliza ukichomeka kadi mpya kama unataka itumike kama hifadhi ya ndani. Wengi tulibonyeza ndiyo kwa sababu simu ilikuwa inalia imejaa. Ukishakubali, kadi hiyo hufungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu ile, na simu hiyo peke yake. Ukiipeleka kwenye simu mpya itaonekana kama kadi mbovu na utaambiwa ui-format. Usikubali. Irudishe kwenye simu yake, iwashe, kisha nakili nyimbo kwenda kompyuta au uzirushe. Na ukiifuta simu ya zamani wakati kadi iko nje, ufunguo umekwenda. Hakuna fundi wa kuurudisha, hata akuambie nini.

Tatu, kadi feki. Kadi imeandikwa GB 512, bei yake ni ya soda na chipsi, na kweli mwanzoni inapokea kila kitu. Ndani ina GB 8 tu, ikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani kimyakimya. Unagundua miezi baadaye, nyimbo zinaonekana majina lakini hazilii. Ukinunua kadi mpya ya kuhifadhia vitu vya maana, ijaribu kwanza kwenye kompyuta kwa programu za bure kama H2testw au F3. Zinaijaza mpaka mwisho, kisha zinasoma zilichoandika.

Ukihamia iPhone

Hapa jiandae kisaikolojia. Programu ya Move to iOS inahamisha mengi kutoka Android, lakini MP3 zako hazitajipanga zenyewe ndani ya programu ya muziki ya Apple. Kuziingiza humo unahitaji kompyuta, kwa iTunes au programu zilizoirithi.

Tahadhari moja kubwa: iPhone huzoea maktaba ya kompyuta moja. Leo umejaziwa nyimbo stationari ya Njiro, mwezi ujao ukaenda kuongeza nyingine Kaloleni, kompyuta ya pili itauliza kama ifute za mwanzo na kuanza upya. Anayekuhudumia akibonyeza kukubali kwa mazoea, za mwanzo zimekwenda. Nakala ya iCloud nayo haihifadhi nyimbo ulizoingiza kwa kompyuta.

Njia ya mkato ni kuachana na programu ya Apple kwa nyimbo hizi. Pakua VLC, ambayo ni bure. Ndani yake kuna sehemu ya kupokea mafaili kwa Wi-Fi. Ukiiwasha inakupa anwani, unaiandika kwenye kivinjari cha simu ya zamani iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, unachagua nyimbo, zinaingia. Huhitaji kompyuta wala waya.

Boomplay, Spotify na wenzake

Spotify waliingia Tanzania Februari 2021. Boomplay ilikuwepo kabla, na huja imeshawekwa kwenye simu za Tecno, Infinix na itel tangu dukani, ndiyo maana kwa wengi ndiyo programu ya kwanza ya muziki waliyowahi kuigusa.

Kwa programu hizi huhamishi nyimbo. Unaingia kwa akaunti ileile, orodha zako na nyimbo ulizopenda zinatokea, kisha unapakua upya. Upakuaji huo unakula data kama kawaida. Kwa ubora wa juu wa kbps 320, wimbo wa dakika nne ni karibu MB 10, kwa hiyo nyimbo 500 zinakaribia GB 5. Tafuta Wi-Fi, au shusha ubora kwenye mipangilio kabla ya kuanza. Spotify inaruhusu vifaa 5 na nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, na inataka uguse intaneti angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulizopakua zinajifuta. Ukifuta orodha yako kwa bahati mbaya, unaweza kuirudisha ndani ya siku 90 kupitia ukurasa wa akaunti kwenye tovuti yao. Kuna kamtego kadogo: kama uliongeza mafaili ya simu yako ndani ya orodha za Spotify, kwenye simu mpya utaona majina tu yamepauka. Faili lenyewe halikuhama.

Wimbo wa mwito, ule watu wanaousikia wakikupigia, hauhusiki hapa. Huo uko kwa kampuni ya simu na unafuata laini.

Email uliyofunguliwa dukani

Kabla hujaendelea, jibu swali hili: unaijua email yako ya Google na neno lake la siri?

Wengi hawaijui. Walinunua simu, muuzaji akawafungulia akaunti palepale kaunta, akaandika jina lolote na neno la siri alilolijua yeye, wakaondoka. Simu ikafanya kazi miaka minne bila shida. Siku ya kuhama ndiyo inajulikana kwamba orodha zote za nyimbo zimefungwa kwenye akaunti isiyo na mwenyewe.

Ukiwa bado na simu ya zamani inayowaka, hili linatibika kwa dakika kumi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, soma email iliyopo, andika mahali. Badili neno la siri ukiwa ndani ya simu hiyo, ongeza namba yako ya sasa ya kurejeshea akaunti. Fanya hivyohivyo kwa Boomplay na nyingine. Kama ulijisajili kwa namba ya simu, hakikisha laini hiyo bado ni yako. Kuna waliopoteza laini zao Januari 20, 2020, serikali ilipoanza kuzima ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole, wakachukua namba mpya na kusahau kwamba ile ya zamani ndiyo iliyokuwa mlango wa akaunti zao.

Kuijua email hiyo kunakusaidia hata kwenye kuuza. Simu ya Android ikifutwa bila akaunti kuondolewa kwanza, ikiwashwa tena itadai email na neno la siri la awali. Aliyeinunua atakutafuta.

Za WhatsApp zina majina ya ajabu

Nyimbo ulizotumiwa WhatsApp haziko kwenye folda ya muziki. Kwenye Android za sasa fuata njia hii: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, kisha WhatsApp Audio. Zilizotumwa kama dokumenti ziko folda ya jirani, WhatsApp Documents.

Huko utakuta majina kama AUD-20190412-WA0003. Usiyachukie. Namba za katikati ni mwaka, mwezi na siku uliyopokea, kwa hiyo huo ni wa tarehe 12 Aprili 2019. Kama wimbo uliutumiwa wiki ya msiba au harusi fulani, unaweza kuupata kwa tarehe hata kama hukumbuki jina.

Ukirejesha WhatsApp kwa nakala ya Google, sauti hizi huja nayo, mradi nakala ilikuwa inafanyika kweli. Tangu mwaka 2024 nakala hiyo inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za Google, pamoja na email na picha. GB 15 zikijaa, nakala inasimama, na wengi hawasomi ujumbe wa onyo. Fungua mipangilio ya mazungumzo uangalie nakala ya mwisho ni ya tarehe ngapi. Usishangae ukikuta ni ya mwaka juzi.

Nyimbo zipo lakini haziko

Hii ni kesi ndogo lakini inasumbua. Umehamisha kila kitu, kwenye mafaili unaziona, ila programu ya muziki haioni kitu. Zima simu uiwashe, mara nyingi inachungulia upya. Isipofanya hivyo, angalia kama ndani ya folda kuna kifaili kinachoitwa .nomedia. Kazi yake ni kuiambia simu isitazame humo. Kifute.

Kama nyimbo zinaonekana lakini orodha zako ulizopanga ziko tupu, sababu ni kwamba orodha ya aina hiyo haihifadhi wimbo, inahifadhi anwani yake. Zamani wimbo ulikuwa kwenye kadi, sasa uko ndani ya simu, anwani imebadilika. Utazipanga upya, au ufungue faili la orodha kwenye kompyuta na kubadilisha mwanzo wa anwani zote kwa mpigo.

Kama umeshafuta

Simu za Android za miaka ya karibuni hufunga data yote ya ndani kwa ufunguo, na ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani ufunguo huo unaharibiwa. Anayekuahidi kurudisha MP3 kwenye simu ya namna hiyo anataka hela yako.

Kadi ni habari nyingine. Faili likifutwa kwenye kadi ya kawaida, kinachofutwa kwanza ni jina lake kwenye orodha, wimbo wenyewe unabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Itoe kadi hiyo sasa hivi, usipige picha wala kupakua kitu. Kwenye kompyuta tumia PhotoRec, ni bure na pamoja na jina lake inarudisha sauti pia. Nyimbo zitarudi bila majina, utakuwa na kazi ya kusikiliza moja moja. Hifadhi ulizookoa kwenye kompyuta, si kwenye kadi hiyohiyo.

Simu iliyovunjika kioo bado ina matumaini. Kama inaonyesha lakini haigusiki, kipini cha OTG na mausi ya kompyuta vinatosha kuifungua. Iliyozima kabisa ni ya fundi, na mwambie mapema kwamba unachotaka ni vilivyomo ndani, asije akaiflashi kukufurahisha.

Ambazo hazipo popote

Mpaka hapa tumezungumzia nyimbo ambazo hata zikipotea unaweza kuzipata tena kwa bando na uvumilivu. Lakini hapa Arusha kuna simu na kadi zenye vitu vingine, na hivi ndivyo vya kuanza navyo kabla ya kugusa hit yoyote ya mwaka huu.

Fikiria hip hop ya Chuga. Kila mtu anawajua Weusi, Nako 2 Nako na Watengwa. X Plastaz, walioanza hapa katikati ya miaka ya 1990, walitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004 kwa lebo ya Ulaya, kwa hiyo kuna CD zake duniani. Faza Nelly aliuawa mwaka 2006, lakini sauti yake haikutegemea simu ya mtu. Sasa fikiria machalii wengine waliokuwa wakirekodi kipindi hicho kwenye studio za mtaani, wakapeleka nyimbo redioni kwa CD ya kuchoma, wakazigawa kwa Bluetooth, na hawakuwahi kusajili chochote. Nyimbo hizo hazikupandishwa Boomplay kwa sababu Boomplay haikuwepo. Ziliwekwa kwenye blogu kwa linki za Hulkshare na 4shared, na ukibonyeza linki za namna hiyo leo, nyingi zimekufa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipotaka wenye blogu wajisajili na kulipia leseni, baadhi waliacha, na kurasa zao zikazimika na vilivyomo.

Kwa hiyo nakala ya wimbo kama huo inaweza kuwa kwenye memori kadi ya GB 2 ndani ya droo ya mtu Unga Limited, au kwenye flashi ya hiace. Mwenyewe aliyeimba pengine hana.

Na usidhani makampuni makubwa ni salama zaidi ya droo hiyo. Machi 2019 Myspace walikiri kwamba walipokuwa wakihamisha seva walipoteza muziki wote uliopandishwa kwao kwa miaka 12 ya mwanzo, nyimbo zaidi ya milioni 50. Nao walikuwa wanahama tu, kama wewe na simu yako, ila hawakubaki na ya zamani.

Halafu kuna vya nyumbani. Kwaya ya usharika iliyorekodiwa kwa simu kwenye kipaimara, mwalimu wa kwaya akiwa bado hai. Bibi akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa Kimeru. Vijana wa Kimaasai wakiimba usiku kwenye sherehe, mbwa wanabweka nyuma. Vingi vya hivi vilirekodiwa kwenye kitochi na vimehifadhiwa kama .amr au .3gp, aina ambazo programu ya muziki ya simu mpya inaweza kugoma kuzifungua. Mtu anaona faili halifunguki, anadhani limeharibika, analifuta. Usilifute. Jaribu VLC kwanza, karibu yote hulia.

Ukivipata, vipe majina siku hiyohiyo. Nani anaimba, wapi, mwaka gani hata kwa kukisia. Faili linaloitwa Recording 014 halitamaanisha kitu kwa mwanao. Kwa MP3 za zamani, usiamini sana majina yaliyoandikwa ndani yake: mfumo wa kwanza wa kuandika majina hayo uliruhusu herufi 30 tu kwa kila jina, kwa hiyo marefu yamekatwa, na blogu nyingi zilibandika anwani yao palipopaswa kuwa na jina la albamu.

Kisha tengeneza nakala tatu, zikae sehemu tofauti: moja kwenye simu, moja kwenye flashi au kompyuta nyumbani, moja Google Drive au kwa ndugu wa mkoa mwingine. GB 15 za bure zinabeba zaidi ya nyimbo 3,000 za kawaida zikiwa hazina kitu kingine, na sauti za kitochi ni ndogo kuliko hapo. Flashi nayo ichomeke mara moja moja kwa mwaka uone kama bado inasoma.

Kuna suala la hakimiliki ambalo siwezi kuliruka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii, na kibanda kinachokujazia nyimbo 300 kwa buku hakimlipi aliyeziimba. Kuhamisha nyimbo zako kutoka simu yako kwenda simu yako ni jambo tofauti na kufungua duka. Lakini kama wimbo upo Boomplay au Mdundo, chukua huko, angalau msanii anahesabika. Na kama unao wimbo wa msanii wa mtaani kwako ambaye hana nakala, mtafute umrudishie. Wengine wanaokota hivi na kuvipandisha YouTube kwa jina lao, kisha mwenye wimbo akija kuupandisha anaambiwa si wake.

Ukimaliza yote hayo, ingia simu ya zamani mara ya mwisho. Fungua kinasa sauti, WhatsApp Audio, folda ya Xender na ile ya vilivyopakuliwa, hakikisha kila folda ina idadi ileile ya mafaili huku na kule. Toa kadi. Ondoa akaunti ya Google. Ndipo uifute na kuitafutia mteja.